Moto Uliowekwa Nyuma ya Mgongo

Jirani yao, 'Malikeleli, anasema Keneuoe alimpeleka mzungu hadi kwenye nyumba ya jando kule mlimani, akaona kwa macho yake yale ambayo mwanamke haoni. Anayasema bombani, anayasema kwenye foleni ya kusaga mahindi. "Ameona huyo. Hamwangalii mtu usoni tangu ashuke."

Safari iliharibikia kijitoni. Tangu baba yake avunjike nyonga, Keneuoe ndiye aliyekuwa akiongoza watalii kwa farasi. Mgeni wake, Henrik, alikuwa amepanda kwa gari kutoka mpakani, gari likashindwa na utelezi, akaomba farasi wamfikishe nyumba ya wageni ng'ambo ya pili. Asubuhi mbingu zilikuwa safi. Mchana ukungu ukashuka, theluji ikafuata, na njia ikafutika kama haijawahi kuwepo.

"Shuka, umvute farasi," Keneuoe alisema. "Kanyaga nilipokanyaga."

Hakukanyaga. Barafu ilipasuka akazama hadi kiunoni, na farasi wake akakimbilia ukunguni pamoja na mizigo. Keneuoe alimtoa kwa kamba, akamvua suruali, akamfunga blanketi lake mwenyewe na kumlaza juu ya farasi aliyebaki. Kibiriti kilikuwa kimelowa.

"Miguu yangu siisikii," Henrik alisema.

"Ongea. Usinyamaze."

"Niongee nini?"

"Chochote. Nitukane."

Alijaribu. Baadaye akaacha kutetemeka, na hilo ndilo lililomtisha Keneuoe. Baba yake alikuwa amemwambia kwamba mtu wa baridi akiacha kutetemeka, anaanza kuondoka.

Ndipo aliposikia harufu ya moshi wa samadi. Huku juu hapakuwa na kijiji. Akasimama, kwa kuwa alijua sasa walikopotelea. Mkuu wa kijiji alikuwa ametangaza mapema: bonde hili wanawake wasilikaribie mpaka wavulana washuke. Na mwanamume ambaye hajapita jandoni akiingia, hatoki mpaka wamalizane naye.

Alimgandamiza Henrik uso kwenye manyoya ya farasi. "Fumba macho." Kisha akaugeuzia moshi mgongo, akaketi kwenye theluji, akaita mpaka koo likauma.

Hatua zilikuja nyuma yake. Nyingi. Zikasimama karibu kiasi cha kusikia pumzi.

"Nani?"

"Binti wa Ntate Tlali, yule mzee wa farasi wa kijiji cha Ha Mokhethi."

"Unajua uko wapi?"

"Najua, Ntate. Ndiyo maana sigeuki."

"Na huyo?"

"Mgeni. Amelowa. Bila moto hafiki usiku."

Theluji ilimjaa mapajani. Sauti nyingine, kali, ikasema: "Katahiriwa huyo?"

"Sijui, Ntate. Sikumwuliza."

Mtu alicheka, akanyamazishwa. Halafu yule wa kwanza akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, kikavu, chenye mluzi mwishoni, cha mtu aliyekula vumbi la migodini. Keneuoe alikuwa akikisikia kupitia ukuta tangu utotoni. Kilikuwa cha Ntate Ralikeleli, mume wa 'Malikeleli, aliyepanda kufundisha wavulana.

"Kulia kwako, chini ya jabali, kuna pango la wachungaji," sauti hiyo ilisema. "Ukigeuka, binti, sitaweza kukusaidia."

Kitu kizito kiliwekwa nyuma yake. Hatua zikaondoka. Keneuoe alinyoosha mkono nyuma, akapapasa: kopo la makaa, gunia la samadi kavu, ugali ndani ya kitambaa. Aliinuka macho yakiwa chini, na kando ya kopo akaona theluji yenye doa jekundu, bichi, la damu iliyokoholewa. Akalifukia kwa buti lake.

Pangoni alipuliza makaa mpaka kizunguzungu kikamshika. Alimsugua Henrik miguu, akamlisha ugali kwa vidole. Usiku kucha alisikiliza nje, akiogopa kwamba watakuja, na akiogopa kwamba hawatakuja. Karibu na alfajiri Henrik alianza kutetemeka tena, na Keneuoe akalia kwa sauti ndogo, mkono mdomoni.

Ukungu ulipopasuka waliona njia. Henrik aliondoka nchini akichechemea, yu hai. Keneuoe hapiti tena popote bila kunusa hewa kwanza. Maneno ya bombani hajayajibu. Jambo la kule jandoni halishuki mlimani kusimuliwa, hasa kwa mke wa mtu aliyeko huko.

Jana jioni 'Malikeleli alikuja peke yake, akasimama kwenye ukuta wa zizi, blanketi limemfunika hadi kidevuni. Keneuoe alikuwa akimchana farasi.

"Umekonda, ausi. Wazungu hawakulishi?"

"Wananilisha, 'M'e," alimjibu kama anavyojibiwa mama.

'Malikeleli akazungusha pini ya blanketi lake.

"Mambo ya wanaume siyataki, mwanangu. Nasema tu huko bombani, ili mtu anikanushe, nijue ulifika wapi. Alipopanda alikuwa anakohoa. Niambie hilo tu. Bado anakohoa?"

Mkono wa Keneuoe ulisimama kwenye manyoya ya farasi; 'Malikeleli akautazama, akaitikia kwa kichwa kama aliyejibiwa.