Vidole Vilivyokataa

Jua lilikuwa linazama hapa kijijini Nuu nikitoka dukani na chumvi ya Shangazi Kalondu. Nikakuta watu wamejaa uani kwake. Harufu ya tumbaku ya kunusa, na kitu kingine… kama ngozi mbichi.

Kyule, ndugu ya marehemu mume wake, alikuwa amemleta mganga kutoka Mwingi, mzee anayeitwa Muindi. Mbuzi wa Kyule wamekufa, basi mchawi ni nani? Mjane, bila shaka. Mjane mwenye shamba zuri. Kwani tangu lini kiangazi kikaacha kuua mbuzi?

"Atashika kibuyu hiki," Muindi alisema. "Msafi anaachilia. Mchawi, vidole vinakataa. Vikikataa, kesho ahame."

Nikacheka. Chuoni sijawahi kunyamazishwa kwenye mdahalo, sitaanzia hapa. "Mzee, huko ni kumtia mtu wazo kichwani tu. Nipe mimi kwanza."

"Kalekye, masomo yamekuvimbisha mdomo," Kyule akasema.

Nikakishika. Kilikuwa na joto, kama tumbo la mnyama.

Muindi akainama sikioni mwangu. "Sasa jaribu kufungua. Ukijaribu, vinakaza… vinakaza…"

Nikajiambia: fungua.

Vikakaza.

Fungua.

Kucha zikawa nyeupe. Hila niliijua. Hata jina lake la kitabuni nililijua. Lakini mkono haukunisikia.

"Damu ni moja," Kyule alisema. "Mmeona? Afunge mizigo."

Shangazi hakubishana naye. Alivua leso begani, akaipiga fundo. "Kalekye, shika." Akanirushia usoni.

Mkono ukaidaka wenyewe. Kibuyu kikaanguka, kikapasuka. Ndani hakikuwa na kitu.

Watu wakarudi nyuma. Alichofunga mganga hufunguliwa na mchawi tu, ndivyo walivyonong'ona wakitafuta njia. Kyule ndiye aliyetangulia langoni. Sasa nani atathubutu kumgusa Shangazi, au shamba lake?

Jikoni nikamweleza. Mkono una mazoea yake, akili ikishtuliwa kidogo unajifungua. Hakuna uchawi.

"Ndiyo," alisema, akikoroga mboga. "Na nani alikuambia ushike wewe kwanza?"

"Hakuna. Nilijitolea mwenyewe."

"Haya."

Hakuniangalia.

Nikaanza kutafuta lile wazo la kujitolea lilinijia lini. Bado natafuta. Kila nikikaribia pale lilipoanzia, nasikia likisemwa… na sauti si yangu.

Ni ya Shangazi.