Bibi Alisoma Namba, Maneno Akayaruka

Nyumba ya Mshonaji haikosi watu. Ukipita asubuhi utakuta viatu vya wanawake mlangoni, jozi nne au tano. Ukipita alasiri utakuta vingine. Ndani, sebule imegeuka chumba cha kazi. Cherehani iko chini ya dirisha ili ipate mwanga. Meza ya kukatia imejaa vitambaa, chaki na mikasi. Huyu amekuja kupimwa. Yule amekuja kujaribu gauni. Yule wa tatu hana nguo wala kitambaa, amekuja kusikia habari za mtaa tu, na yeye pia hupewa kiti.

Mshonaji ana mikono miwili, na yote ina kazi. Mdomoni amebana pini. Kwa hiyo kuandika hawezi, na kusema kwenyewe ni kwa shida. Vipimo anavichukua pamoja na mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi. Mshonaji anazungusha tepu kiunoni mwa mteja. Bibi anasogea, anainama, anasoma kwa sauti, "Kiuno, themanini na mbili." Kisha anaandika kwenye daftari.

"Bibi, polepole," wateja humwambia. "Majirani wanasikia."

"Walishasikia mara ya mwisho ulipokuja," Bibi hujibu. "Tena ilikuwa sabini na sita."

Bibi alijifunza kusoma akiwa na wajukuu tayari, kwenye darasa la watu wazima. Sasa ni mwaka wa pili. Namba anazisoma haraka kuliko mwenye duka. Maneno bado yanamchosha, na neno likiwa refu hulipita kama vile hakuliona. Lakini kazi ya daftari anaipenda sana. Zamani alikuwa mtu wa kukaa pembeni na kupokea salamu. Siku hizi mteja akiingia huuliza kwanza, "Bibi yupo?"

Hata simu ni yeye anayeipokea. Simu ya Mshonaji hukaa mezani kati ya vitambaa. Humo mna programu ya ujumbe, na wateja wote wamo. Hutuma picha za mishono wanayoitaka. Hutuma na maneno mengine ambayo si ya mishono, maana mwanamke akimwamini fundi wake humwambia mengi.

Jumanne moja asubuhi, Mshonaji alikuwa anapinda gauni la Muuguzi, mteja wake wa siku nyingi. Simu ikalia. Bibi akaipokea.

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya kijana, laini kabisa.

"Marahaba mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni ndugu wa mteja wenu mmoja. Samahani kwa usumbufu. Nilikuwa natuma namba za kazini, nikakosea, zinakuja kwenye simu yenu. Ni sita tu. Unaweza kunisomea, mama?"

"Namba? Hizo ndizo zangu," Bibi alisema.

Ujumbe ukaingia. Ulikuwa na mistari minne. Katikati palikuwa na namba sita. Bibi akaisogeza simu mbali kidogo na macho, akazisoma moja moja, kwa sauti ile ile ya kiuno na mabega.

"Mama, unasoma vizuri kuwashinda vijana," alisema yule mtu. "Asante sana."

Akakata.

"Nani huyo?" Mshonaji aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

"Kijana mwenye adabu zake. Alikosea namba, nikamsaidia." Uso wa Bibi ulikuwa umechangamka. Siku nzima alisoma vipimo kwa sauti kubwa zaidi.

Mchana, Mshonaji alifungua ile programu aangalie picha ya mshono. Haikufunguka. Iliandika kwamba namba yake inatumika kwenye simu nyingine. Akadhani ni mtandao. Akaiweka simu chini, akaendelea kushona.

Saa kumi Muuguzi aliingia, amevaa sare za kazi, anahema.

"Mtoto yuko wodi gani?" aliuliza.

"Mtoto yupi?" Mshonaji alisema.

"Mtoto wako. Si umeniandikia amelazwa, nikutumie chochote nilicho nacho? Nimezunguka wodi ya watoto mara mbili. Nimefunua mapazia ya watu. Mama mmoja kanifukuza."

"Dada, mwanangu yuko hapo nje anacheza."

"Nimempita. Ndiyo maana nakuuliza, maana kanisalimia kwa afya nzuri tu."

Mshonaji alianza kucheka, kisha akaacha. Muuguzi alikuwa amemwonyesha ujumbe. Picha ni ya Mshonaji. Jina ni lake. Hata ile "dada yangu" anayopenda kuiandika ilikuwapo.

"Sikuandika mimi," alisema. Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Humu wamo wateja wangu wote. Kama kila mmoja kaletewa hii... Wanaingia chumbani wanavua, nawapima. Wananiambia ya ndani ya nyumba zao. Wakiniona tapeli, nani ataingia tena mlango huu?"

Bibi alikuwa ameshika daftari kifuani.

"Ni mimi," alisema. "Kijana wa asubuhi. Alitaka namba sita, nikamsomea."

Muuguzi akamshika Mshonaji mkono, akamwinua.

"Lawama zitatusubiri," alisema. "Twende kwa Kioo sasa hivi. Bibi, nawe twende."

Kioo ni mwanamke anayetengeneza simu karibu na duka la dawa. Wamempa jina hilo kwa sababu kila anayevunja kioo cha simu humkimbilia yeye. Ana meza moja, kiti kimoja na bisibisi ndogo kama sindano. Aliwasikiliza bila kuinua kichwa. Waliposema "namba sita", akaiweka bisibisi chini.

"Zilisomwa saa ngapi?"

"Asubuhi," Bibi alisema.

"Basi tusikae. Dada, zile namba sita zilikuwa ufunguo. Programu hutuma ufunguo huo mtu anapotaka kuingia kwa namba yako. Yule kijana aliandika namba yako kwenye simu yake. Ufunguo ukaja kwako, kwa kuwa laini unayo wewe. Kilichobaki ni wewe umsomee. Mkamsomea, akaingia."

"Na sasa yumo?" Mshonaji aliuliza.

"Yumo. Lakini laini bado ni yako. Tunaingia upya kwa namba yako, ufunguo mwingine unakuja kwako. Ukiingia wewe, yeye anatoka." Akamgeukia Muuguzi. "Wewe mpe simu yako awapigie wateja. Asiwaandikie, awapigie, wasikie sauti yake. Aanze na wale wenye huruma, wasiouliza maswali."

Mshonaji alipiga. Wa kwanza alikuwa Mwalimu, anayefundisha watoto wadogo. Yeye alikuwa ameshatuma fedha.

"Apige kwa kampuni ya simu dakika hii hii," Kioo alisema. "Awaombe wazizuie fedha kabla hazijatolewa. Kisha aende polisi akaandikishe, na ujumbe asiufute, ni ushahidi."

Wakati huo simu ya Mshonaji ikatetema. Ufunguo mpya umeingia. Kioo akaziba namba kwa kidole gumba, akamsogezea Bibi simu.

"Bibi, nisomee."

"Mimi sisomi tena."

"Namba nimeziziba. Soma maneno."

Bibi alimtazama Mshonaji. Mshonaji akatikisa kichwa kukubali. Bibi akaanza, taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Hii ni namba yako ya... ku-thi-bi-ti-sha. Usi... usimpe... mtu... yeyote... namba hii."

Akasoma tena, safari hii bila kukwama.

"Maneno haya yalikuwapo asubuhi?"

"Yalikuwapo," Kioo alisema.

"Niliyaruka. Nilizitaka namba." Bibi aliondoa kidole kwenye simu. "Aliniambia nasoma vizuri."

"Hapo hakudanganya. Alidanganya kwingine kote." Kioo akampa Mshonaji simu. "Andika wewe. Hata mimi usinionyeshe. Bibi, kiti hicho wamekikalia watu wa ofisi kubwa, wamesoma mpaka wamechoka. Nao waliyaruka."

Mshonaji aliandika. Programu ikafunguka. Kioo alimwonyesha mahali pa kuangalia kama kuna kifaa kingine kilichounganishwa. Hapakuwa na kitu.

"Sasa tuweke kufuli la pili," Kioo alisema. "Namba ya siri ya kuchagua mwenyewe. Hii haiji kwa ujumbe, inakaa kichwani mwako. Mtu akipata zile sita, atakwama hapa."

"Niweke mwaka wangu wa kuzaliwa?"

"Mtaa mzima unaujua."

"Na ile ya kufungulia simu, moja mbili tatu nne, ibadilishe pia," Muuguzi alidakia. "Mimi mwenyewe naijua."

"Wewe umeijuaje?"

"Dada, uliitaja mbele ya watu sita. Ulikuwa na pini mdomoni, ila tulikuelewa."

Fedha za Mwalimu zilizuiwa kabla hazijatolewa. Usiku haujaingia, kila mteja alikuwa amepigiwa. Lakini habari ilikuwa imeshatembea, na habari ya mtaani haitembei bila kunenepa. Wengine walisema Mshonaji kauza picha za wateja. Wengine walisema kuna kijana kaingia kwenye familia ile, na Bibi anamjua.

Jumatano alikuja mteja mmoja tu. Hakuja kupimwa. Alikuja kuchukua kitambaa chake.

"Nimepata fundi wa karibu na kwangu," alisema, macho yakiwa kwenye mlango.

Alhamisi walikuja wawili, nao walichukua vitambaa vyao. Mshonaji alivikunja vizuri, akawapa. Bibi alikuwa chumbani. Tangu Jumanne hakuwa ameshika simu wala daftari. Muuguzi alipokuja kupimwa mikono, Mshonaji alipima peke yake, akaandika peke yake, akashona. Mkono mmoja ukatoka mrefu kuliko mwingine.

"Nitavaa hivi hivi," Muuguzi alisema. "Mkono huu nitapokelea zawadi, huu nitauficha."

Mshonaji hakucheka. Akaingia chumbani.

"Mama, njoo unisomee. Siwezi peke yangu."

"Mdomo wangu ndio uliokuharibia jina," Bibi alisema.

"Basi utumie mdomo huo huo. Hawa watu hawanisikilizi mimi. Wewe watakusikiliza."

Bibi akanyoosha mkono, akaomba daftari. Mle ndani, juu ya kila kipimo, alikuwa ameandika namba ya simu ya mteja. Alizipiga moja baada ya nyingine.

"Ni mimi, Bibi. Jumamosi njoo nyumbani. Hapana, hakuna mtoto aliyelazwa. Njoo na simu yako. Kioo atakuwepo. Kama una ya kunisema, njoo uyasemee hapa, nitakuwa nimekaa."

Jumamosi walijaa mpaka kibarazani. Bibi alisimama kando ya cherehani. Alieleza yote bila kuficha. Aliitaja sauti laini, alitaja na sifa alizopewa.

"Kwa hiyo kakuita mama tu, ukampa nyumba?" mmoja alisema kutoka nyuma. Watu wakacheka.

"Nilimpa," Bibi alisema. "Mkwe wangu hakujua lolote. Hajauza picha, hajamwomba mtu chochote. Kosa ni langu, msimtwike yeye. Na mkipigiwa mkaambiwa someni namba mliyotumiwa, kateni simu, hata kama anayepiga mnamjua. Anaweza kuwa ameibiwa na yeye. Mtu akikuandikia ana shida, mpigie kwanza umsikie."

Kisha akasoma ule ujumbe. Aliusoma wote, mistari yote minne, neno kwa neno. Palipokuwa na neno refu alisimama, akalimaliza.

Yule aliyemdhihaki kutoka nyuma akatazama chini.

"Mimi nilimsomea mtu mwaka jana," alisema. "Sikumwambia hata mume wangu. Nilibadili laini tu."

"Mimi nilisoma mbili, ya kwangu na ya dada yangu," mwingine alisema. Sebule ikaanza kuzungumza yote kwa pamoja, kila mtu na kisa chake. Kioo akaomba nafasi, akawaonyesha hatua kwa hatua mahali pa kuweka kufuli la pili. Mmoja kati ya wale wa Alhamisi alikuwa amekuja na kitambaa chake ndani ya mfuko. Alikirudisha mezani.

Mwalimu alimsogelea Bibi.

"Kioo ana watu wengi. Nisaidie wewe."

Bibi akashika simu kwa mikono miwili. Akasoma kila lililoandikwa, akabonyeza, akasoma tena.

"Haya. Sasa inataka namba yako ya siri." Akamrudishia simu. Kisha akageuka, akaelekeza uso ukutani.

"Ah, Bibi," Mwalimu alisema. "Wewe unanipima mpaka nyonga. Nikufiche nini?"

"Imeandikwa mtu yeyote," Bibi alisema, bila kugeuka. "Na mimi ni mtu yeyote. Andika, ukimaliza niambie."