Hodi Tatu za Samah

Alasiri moja huko Timbwani, nyumba ya Samiha ilikuwa imetulia. Nguo zimeanuliwa, chai imetiwa iliki, naye ameegemea mto mbele ya televisheni, akitazama mchezo wa kuigiza. Jamaa zangu, mchezo wenyewe mnaujua. Hata mimi nautazama, sijitoi. Ni ule wa mwimbaji mashuhuri, ndoa ya tatu imemshinda, na yeye na dada yake wamefika mahali hawazikani.

Samiha naye alikuwa na dada. Miaka miwili hakusema na Samah, tangu walipotupiana maneno kwenye matanga ya mama yao. Hata doti ya mwisho ya kanga za mama waliigawa, kila mtu na kipande chake. Kila siku Samiha alijiambia atavuka feri aende Kisauni wapatane. Kila siku palikuwa na mchezo.

Siku hiyo mwimbaji alimpigia dada yake magoti. Samiha akaongeza sauti ya televisheni, akalia kwikwi.

Mchezo ulipokwisha, jirani yake Eddah aliingia na kifurushi.

"Mama Rania, dadako alikuwa hapa mlangoni. Kapiga hodi mara tatu, kaenda zake."

"Mbona hakuingia? Mlango si u wazi?"

"Nilimwambia. Akasema hodi tatu zisipoitikiwa, mgeni hurudi. Tena alikusikia unalia, akaona wajua yupo na hutaki kumwona. Kaniachia hiki."

Ndani mlikuwa na kipande cha kanga cha Samah. Samiha alipiga simu, haikushikwa. Akasema atakwenda kesho, inshallah.

Kesho yake alikwenda. Mpwa wake Mussab alimpokea, macho mekundu.

"Shikamoo, mama mdogo. Mama kapasuliwa moyo leo asubuhi. Jana alitaka mwombane radhi kwanza." Akajifuta macho. "Hakuamka."

Vile vipande viwili vya kanga sasa viko pamoja kabatini. Samiha hajaweza kuvivaa.

Funzo

Sisemi mtupe televisheni. Nimechoka kuyasikia hayo, na leo jioni huenda nami nikatazama. Nasema machozi yako, wape kwanza walio wako. Yule mwimbaji analipwa kulia, na kesho saa ileile atarudi. Samah hatarudi. Kama kuna ndugu mmenuniana, nenda leo, wala usingoje mchezo uishe.