Mvua ya Mawe Kwenye Mfuko wa Mdogo Wangu

Niliumwaga ule mfuko kwenye kochi.

Mfuko wa runi, zile herufi za kale za kupigia ramli, unatakiwa uwe na vijiti vya kila aina. Kila kijiti kimechongwa herufi yake, na kila herufi ina maana yake. Kuna ya safari, ya mifugo, ya zawadi...

Nikageuza cha kwanza. Hagal. Mvua ya mawe, maangamizi.

Cha pili... Hagal.

Cha tatu... Hagal.

Jamani, karibu mfuko mzima ulikuwa mvua ya mawe!

Na ni kwa vijiti hivyo hivyo mdogo wangu Åslaug alikuwa anakwenda kuvunja ndoa yake kesho yake.

"Dada, unakula na jamu au na jibini?" akaniuliza kutoka jikoni.

"Jibini," nikajibu, huku narudisha vijiti mfukoni haraka haraka.

Ngoja niwaeleze vizuri mnielewe.

Naitwa Gunvor. Nina saluni ya nywele hapa Seljord, mji mdogo mbali na Oslo, na kama mnavyojua, msusi hapitwi na umbea. Wazazi wetu walishatangulia, tumebaki mimi na Åslaug tu. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo mambo yake yote huwa nayaona ni yangu.

Åslaug na mumewe Tarjei wanafuata dini ya mababu, ile iliyokuwepo huku kwetu kabla ya kanisa. Na si watu wa kukumbuka miungu sikukuu tu. Wiki yao nzima inakwenda hivyo. Jumanne ni ya Ty, mungu wa haki, siku hiyo hawalali na ugomvi. Jumatano ni ya Odin, mungu wa runi, kila mtu anachota runi moja kwenye mfuko wake baada ya chakula, anasoma wiki yake. Alhamisi ni ya Tor, mungu wa radi, kazi zinaachwa mapema, na Tarjei anakwenda kumwaga bia kwenye jiwe nyuma ya zizi. Ijumaa ni ya Frigg, mungu wa kike wa ndoa, nyumba inasafishwa na uji wa malai unapikwa.

Mimi na miungu tunasalimiana kwa mbali. Nikialikwa kwenye tambiko nakwenda, chakula chao ni kizuri.

Sasa huyu shemeji yangu Tarjei... mwenzenu nilimpenda. Mpole, mchapakazi, hanywi hovyo. Mabomba ya maji ya saluni yalipoganda alikuja kunitengenezea na pesa akakataa. Kuni za baridi nzima ananiletea yeye. Wateja wangu walikuwa wananiambia, "Gunvor, mdogo wako ameokota dhahabu." Nami najibu, "Na aishike kwa mikono miwili."

Halafu zikaanza hizi runi.

Jumatano ya kwanza Åslaug akachota Hagal. Jumatano ya pili, Hagal tena. Ile ya tatu nilikuwepo mezani kwa macho yangu. Akaingiza mkono, akatoa kijiti, akakiweka katikati ya sahani.

Hagal.

Tarjei alibadilika rangi. Huyu ni mwanaume anayekamata ng'ombe dume kwa pembe, lakini mbele ya kijiti kile midomo ilimkauka.

"Tena?" akasema.

"Tena," Åslaug akajibu, hakumtazama.

"Runi zikisema mara tatu, mtu habishi." Tarjei akainuka. "Kesho kirudishe kiapo. Mimi sitakuja, siwezi kuangalia."

Akatoka nje. Nikamuona dirishani anafuta macho kwa mkono wa koti. Roho iliniuma, nisiwafiche.

Huku kwetu waliooana kwa dini hiyo wanakula kiapo kwenye pete ya tambiko, mbele ya mashahidi. Ndoa ikivunjika, kiapo kinarudishwa kwenye pete ile ile. Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku ya tambiko. Yaani nyumba ya mdogo wangu ilikuwa imebakiza siku moja.

Ndiyo maana alipokwenda jikoni kugeuza mikate, nikafanya jambo ambalo halifanywi. Mfuko wa runi wa mtu haushikwi na mtu mwingine, hata mume haugusi. Mimi nikaumwaga.

Na mfuko ule alipewa na nani?

Eivind.

Eivind ndiye kuhani wao. Ameachana na mkewe, ndevu kazisuka na kuzitia shanga, sauti laini kama anauza asali. Kila tambiko likiisha, Åslaug anabaki nyuma wanaongea wawili tu. Nikipita karibu wananyamaza. Mwezi uliopita nilimuona anampa mdogo wangu ufunguo. Nilipouliza, Åslaug akasema, "Ni wa banda la tambiko, dada, nimsaidie kufagia."

Kufagia... Mimi nafagia nywele za watu kila siku, nani amewahi kunipa ufunguo kwa siri?

Nikajisemea, Gunvor, lisemwalo lipo. Huyu kuhani kachonga vijiti vya uongo ili amtoe mke wa mtu ndani.

Nilipofika nyumbani nikampigia Tarjei.

"Shemeji, kesho uje kwenye tambiko. Usimwambie Åslaug."

"Kuna nini?"

"Runi ni za uongo. Nimeuona mfuko. Mtu kachonga Hagal tupu."



"Nani kachonga?" akauliza taratibu.

"Kesho utamjua mbele ya watu."

"Asante, Gunvor. Hujui ulivyonisaidia."

Nililala nikijiona shujaa wa ukoo!

Alhamisi jioni tukakutana kwenye banda la Eivind. Watu wa siku zote, majirani na ndugu, wamesimama duara. Pembe ya pombe ya asali ikazunguka, wakatajwa miungu, wakatajwa marehemu. Tarjei alikuwa hajaingia, nilimwambia asubiri nje mpaka asikie sauti yangu.

Eivind akamgeukia mdogo wangu. "Åslaug, una neno?"

Åslaug alikuwa mweupe kama unga. Begi dogo lilikuwa miguuni kwake. Begi la safari... Nikaona ndiyo hivyo, wameshapanga kuondoka pamoja.

"Kabla hajasema, mimi nina neno," nikaingilia.

"Dada, naomba..."

"Nyamaza, mdogo wangu. Nakuokoa."

Nikamnyang'anya mfuko, nikaumwaga mezani penye mikate na jibini. Vijiti vikatawanyika.

"Hagal. Hagal. Hagal. Hebu someni wenyewe. Huu mfuko kautoa nani?"

Watu wakainama kuangalia, mmoja akaziba mdomo. Hapo Tarjei akaingia, akasimama mlangoni. Åslaug alipomuona akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta. Niliona ni aibu ya mtu aliyefumaniwa.

"Niliutoa mimi," Eivind akasema. "Nilimpa ukiwa kamili."

"Basi shika pete useme hivyo," nikamwambia.

Watu walinong'ona. Pete ile ni ya chuma, nzito, na watu wa dini hii wanaweza kukudanganya kwenye karata, kwenye uvuvi, hata kitandani. Kwenye pete, hapana. Anayeapa uongo pale, kwao huyo ameshakufa, anangoja kuzikwa tu.

Eivind akaichukua, wala hakusita. "Kwa pete hii, Tor akisikia. Sikuchonga hata kimoja kati ya hivi, na sijawahi kumtamani mke wa Tarjei."

Alikuwa anasema kweli, kila mtu pale alijua.

Sasa nani?

Åslaug akaja taratibu. Akashika upande wa pili wa pete.

"Nimechonga mimi," akasema. "Vyote."

"Wewe? Kwa nini ujifanyie hivyo?"

"Sikujifanyia, dada. Nilimfanyia yeye." Hakugeuka kumtazama mumewe. "Alishaniambia nikiondoka atanifuata popote, hata Oslo, na akinipata sitatembea tena. Polisi hawaogopi. Wewe hakuogopi. Kitu kimoja tu anakiogopa duniani ni runi. Runi zikisema, hafuati."

Nikasema kitu ambacho mpaka leo kinanichoma. Nikasema, "Lakini Tarjei ni mtu mzuri..."

Åslaug akafunua nywele nyuma ya sikio.

Palikuwa na upara. Si wa ugonjwa, mimi kazi yangu ni vichwa. Nywele zilikuwa zimeng'olewa kwa mkono, zikaota, zikang'olewa tena.

"Unasuka mji mzima," akaniambia. "Mara ya mwisho mimi kukuruhusu unishike kichwa ilikuwa lini?"



Na ufunguo? Ulikuwa wa chumba cha dada yake Eivind kule Bergen. Begi lilikuwa la kwenda huko. Usiku ule ule angeondoka, na Tarjei angebaki nyumbani analia na miungu yake, hamfuati mtu. Mlango ulishafunguka. Nikaja mimi na mdomo wangu, nikaufunga, halafu nikamwita mwenye nyumba aje na ufunguo.

Jamani wasomaji wangu, nilitamani ardhi ipasuke.

"Basi yameisha," Tarjei akasema kutoka mlangoni. Sauti ile ile ya upole, ya kuleta kuni. "Mmesikia wote, ni uongo. Runi hazijasema kitu. Åslaug, vaa koti twende nyumbani."

Mdogo wangu akaanza kulitafuta koti. Yaani mwili ulishazoea kutii. Na watu wote waliosimama pale, wenye vidani vya nyundo ya Tor shingoni, wakaangalia chini. Mambo ya mke na mume, kila mtu na lake.

Nilikasirika. Nilijikasirikia mimi kwanza, halafu hasira ikabaki ya kumgawia na Tarjei.

Nikaichukua ile pete, nikamfuata mlangoni.

"Shemeji, shika."

"Gunvor, usilete utani."

"Shika useme hujawahi kumpiga. Neno moja tu. Ukisema, nakuomba radhi mbele ya watu wote, na mimi mwenyewe namvalisha koti."

Akacheka. "Ya nyumbani hayaletwi kwenye pete."

"Ndoa yako uliileta hapa hapa. Shika."

Akamtazama Eivind, hakupata msaada. Akawatazama majirani zake. Sasa macho yalikuwa yameinuka. Watu walikuwa hawaniangalii mimi, walikuwa wanauangalia mkono wake.

Ukainuka... Nikasema kimoyomoyo, akiapa tumekwisha, maana wataamini pete. Vidole vikafika karibu kabisa na chuma. Nikaona jasho juu ya mdomo wake, na baridi ilikuwa kali pale ndani.

Mkono ukashuka. Akauingiza mfukoni.

Hilo lilikuwa jibu tosha.

Eivind akaja akasimama kati yao. "Ni Alhamisi, na hii ni nyumba ya Tor. Hatolewi mtu hapa kwa nguvu."

Bibi mmoja jirani yao akamshika Åslaug mkono na kumkalisha. Wanaume wawili wakasogea mlangoni, mmoja akiwa binamu yake Tarjei wa damu. Shemeji yangu wa dhahabu akawatazama mmoja mmoja, akageuka, akaondoka. Tukasikia gari linashuka kilima.

Nikaapa mimi, nisiye na dini. Nikaishika ile pete nikasema mdogo wangu anaondoka na mimi, na atakayemfuata aanze kwangu. Kisha Åslaug akakirudisha kiapo chake kwa maneno yake mwenyewe, bila kijiti.

Asubuhi yake tukaenda polisi. Siku hizi anaishi chumba cha juu ya saluni, mpaka kesi iishe. Tarjei amekatazwa kumsogelea. Wateja wengine bado wananiambia, "Lakini alikuwa mtu mzuri," nami nawaambia nyumba njema si mlango.

Kwenye gari usiku ule nilimuuliza, "Kwa nini hukuniambia, mdogo wangu? Mimi?"



"Nilikuambia Krismasi. Ukasema nivumilie. Nikakuambia kiangazi, ukasema nimshukuru Mungu nina mume asiyelewa. Mara ya tatu hata hukuniacha nimalize, kulikuwa na mteja."

Nilisimamisha gari pembeni nikalia.

Kijiti kimoja kilitosha kunifanya nisitulie, nikamshuku kuhani, nikachimba, nikapekua. Mdogo wangu alinieleza kwa mdomo wake, na sikushuku kitu.

Ukimuona ndugu yako anawatafuta miungu wamsemee, usianze kuuliza nani kamdanganya. Jiulize wewe ulikuwa wapi aliposema mwenyewe.