Pipa la Maji Korongoni

Magurudumu ya nyuma yalizama katikati ya korongo kavu. Delbert Tohannie alizima pikapu, akashuka, akatema mate. Nyuma alibeba pipa kubwa la maji, limejaa pomoni. Yeye, mkewe Arlinda na shemeji yake Leroy walikuwa wameyateka mjini, maili thelathini kutoka hapo, kwa ajili ya bibi yake Arlinda na kondoo wa bibi ambao tangu jana walikuwa hawajanywa.

"Shemeji, leseni yako uliiokota jalalani?" Leroy, kaka yake Arlinda, alimtania. "Fungua koki tuyamwage. Gari likiwa jepesi litatoka."

"Niyamwage? Una wazimu? Bibi atakunywa jasho lako?"

Leroy aliona haya, akachukua sepetu. Kwetu jangwani maji hayamwagwi. Mtoto hulijua hilo kabla hajajua kuhesabu.

Juu yao anga lilikuwa jeupe. Lakini kaskazini, mlimani, wingu lilikuwa jeusi tii, na Arlinda aliliona.

"Jamani, mlimani kunanyesha. Gari tuliache, tupande juu."

"Dakika tano tu, mke wangu."

Walichimba. Ilianza kuja harufu ya udongo mbichi, kisha mngurumo. Leroy alimshika dada yake mkono wakaparamia ukingo kwa kucha. Delbert naye angewahi, jamani, angewahi kabisa! Lakini aligeuka kukaza kamba ya pipa.

Maji yalifika mekundu, mazito kama uji, yamebeba magogo. Pikapu ilibinuka mara moja tu, ikatoweka pamoja na Delbert. Gogo moja lilimpiga Leroy pajani akiwa bado ananing'inia. Arlinda alimvuta juu, akavua kitambaa chake cha kichwa, akalifunga jeraha.

"Utaweza kutembea?"

"Nitatembea. Wewe usisogee ukingoni, unabomoka."

Waliufuata mkondo kutoka juu, wakiita. Jua liliwachoma, midomo ikapasuka. Maji yote yale yalipita chini yao na hawakuwa na tone la kunywa. Leroy alijilaumu njia nzima: kwa nini hakuifungua koki mwenyewe, hata kama wangepigana? Arlinda aliita tu jina la mumewe mpaka sauti ikakwaruza.

Alasiri maji yalipungua. Majirani walikuja na farasi na kamba, wakampa Leroy maji, wakataka kumpandisha farasi. Alikataa. Alichechemea nyuma ya dada yake, ambaye alikuwa ameshashuka kwenye kona ya korongo.

"Delbert!" aliita Leroy. "We Delbert! Shemeji!"

Arlinda alikuwa amepiga magoti kwenye tope, anafuta kitu kwa kiganja, polepole. Kwetu aliyekufa haitwi kwa jina, asije akageuka njiani akawarudia walio hai.

"Delbert!"

"Kaka, basi," Arlinda alisema bila kugeuka. "Usimwite tena."