Makucha Yaliyogoma Kufumba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Limi alifagia uwanja, akawawekea kuku maji, kisha akasimama kidogo kulitazama trekta. Hicho kidogo ndicho kilichokuwa kikimchelewesha. Mama yake, Martina, alikuwa mtunza stoo wa kikundi cha wakulima na wafugaji wa Mwamadilu, kijiji kilichoko mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Ibadakuli. Kwa kuwa nyumba yao ilikuwa na ua imara wa minyaa, trekta la kikundi lililala hapo, chini ya banda la mabati.

Lilikuwa trekta dogo la rangi ya chungwa. Mbele lilikuwa na mikono miwili ya chuma ya kunyanyulia mizigo, na kwenye mikono hiyo dereva aliweza kufunga ndoo kubwa ya kuchotea mchanga, au kifaa kingine ambacho kijiji kizima kilikiita makucha. Makucha yalikuwa na meno marefu chini na vidole viwili vinene juu. Dereva akisukuma kishikio, vidole vilifumba na kubana magogo na miiba. Akikivuta, vilifumbua na kuachia.

Limi alikuwa na miaka kumi na miwili, na makucha hayo yalimfuata hadi darasani. Mwalimu akifundisha sehemu za ua, yeye aliyaona makucha yakielea juu ya mawe makubwa ya mlimani, yakiokota mawingu moja moja na kuyapanga juu ya Mwamadilu. Aliitwa mara mbili kabla ya kusikia. Wenzake walikwisha kuzoea. Walisema Limi kaacha mwili kwenye dawati, mwenyewe katoka.

Aliyeliendesha trekta alikuwa Bhoke, dada mmoja kutoka Tarime aliyejifunza mitambo huko Geita kwa miaka sita. Mwenyekiti wa kikundi, mzee Maduhu, alimkubali shingo upande, maana hakuwahi kuona mwanamke akikalia usukani wa trekta, na mzee huyo alipenda kuona kitu kwanza ndipo aamini. Bhoke hakubishana naye. Alifanya kazi tu.

Kwa Limi, hakuna mtu mzima aliyejibu maswali vizuri kama Bhoke. Alimweleza kwamba nguvu ya makucha haitoki kwenye chuma bali kwenye mafuta. Mafuta hupita katika mipira miwili: mmoja ukipeleka, mwingine unarudisha, na ukibadilisha kishikio yanageuza njia. Ndiyo maana kila alipoyafungua makucha kutoka kwenye trekta, kabla hata ya kujifuta jasho, Bhoke alivivisha vichwa vya mipira ile vifuniko vyake viwili vyekundu. Alisema mafuta ya trekta hayapatani na vumbi hata kidogo.

Mwaka huo kikundi kilikuwa na kazi moja isiyosubiri. Mafuriko ya mwaka uliopita yalikuwa yamesukuma magogo na matawi ya migunga hadi yakaziba njia ya kupunguzia maji ya lambo, bwawa la kijiji la kunyweshea mifugo. Mvua kubwa zikinyesha kabla njia haijazibuliwa, maji yangepanda juu ya tuta na kulikata, na kiangazi ng'ombe wangekosa pa kunywa. Jumamosi Bhoke aliondoa nusu ya uchafu ule, kikiwemo kisiki kimoja kizito kilichofanya magurudumu ya nyuma yainuke kidogo. Jioni aliyafungua makucha, akayaacha bandani, akafunga ndoo ili Jumapili akachote mchanga wa kujengea choo cha shule. Jumatatu angerudi kumalizia lambo.

Jumapili baada ya ibada kijiji kililegea kwa joto. Limi alikaa peke yake kwenye kivuli cha banda akifinyanga udongo. Watoto wengine walifinyanga ng'ombe. Yeye alifinyanga trekta, lenye mikono, usukani na makucha ya miiba. Lilipendeza kweli. Lilikosa magurudumu mawili ya nyuma tu, na magurudumu ya udongo yalikuwa yanabonyea kila akiyaweka.

Akaviona vile vifuniko vyekundu. Vilikuwa na ukubwa uleule alioutaka. Alijiambia kwamba angevirudisha sasa hivi tu, akavivua, akavijaza udongo ili visimame, akavikandika kwenye trekta lake. Hapo tena Limi hakuwepo bandani. Alikuwa anaendesha kwenye mbuga isiyo na mwisho, ndege iliyokuwa ikienda kutua uwanja wa Ibadakuli ikapita juu yake, naye akaipungia mkono kutoka kwenye usukani. Mama alimwita akafungie mbuzi, akaenda, akala, akalala. Mipira ya makucha ilibaki wazi mavumbini, mahali ambapo kuku hupenda kuogea.

Asubuhi ya Jumatatu alikuwa na ufagio mkononi aliposikia sauti ya Bhoke kwenye lango ikimsalimia mama. Limi alikimbia, akavichomoa vifuniko kwenye trekta la udongo na kuvibandika kwenye vichwa vya mipira. Ndani vilikuwa na udongo uliokauka. Alitaka kuvipuliza, lakini hatua zilikuwa karibu.

Bhoke aliviona vifuniko mahali pake, akaridhika. Alivivua, akapangusa vichwa kwa nje kama kawaida yake, akachomeka mipira. Kichwa kimoja kilisumbua kuingia, akakikaza kwa nguvu, kikaingia. Limi alimwamkia kwa sauti ndogo na kwenda shule. Siku hiyo hakuna wingu lililookotwa.

Walipotoka shule, watoto walisikia kwamba trekta limegoma, wakakimbilia lambo. Makucha yalikuwa yamefumbuka wazi juu ya lundo la miiba, na hayakutaka kufumba. Bhoke alisukuma kishikio, injini ikaguna, vidole havikutikisika. Alizima, akapima mafuta, yalitosha. Akakagua pini moja moja, zilikuwa nzima. Kisha akachukua kipande cha boksi na kukipitisha taratibu kando ya mipira kutafuta panapovuja. Mtoto mmoja alinyoosha kidole kumsaidia, na Bhoke akamrudisha nyuma. Aliwaambia watoto wote kwamba mafuta yenye presha hutoka kwenye tundu usiloliona na kupenya ngozi, na mtu anaweza kukatwa mkono kwa ajili hiyo. Boksi lilibaki kavu.

Kaskazini, upande wa ziwa kubwa, mawingu yalikuwa yanajikusanya, mazito na ya kijivu, na watu wazima walikuwa wanayatazama zaidi ya walivyolitazama trekta. Mzee Maduhu alifika na baiskeli yake, Martina nyuma yake kwa miguu. Mzee aliuliza kumetokea nini. Bhoke alisimama wima, mikono imejaa grisi.

"Mwenyekiti, nafikiri nimeharibu pampu," alisema. "Jumamosi nilibeba kisiki kizito kuliko uwezo wa trekta. Nilijua ni kizito, na nikakibeba. Kosa ni langu."

Mzee Maduhu hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema kwamba kikundi kitakaa kesho, na kwa sasa ampe Martina ufunguo mpaka apatikane dereva mwingine. Bhoke alitoa ufunguo mfukoni, akaufuta kwa kitambaa, akaukabidhi. Kisha akashika njia ya juu ya tuta kurudi nyumbani.

Limi alibaki amesimama. Hakuna aliyejua. Hata Bhoke mwenyewe alikuwa amelichukua kosa na kuondoka nalo, na kama Limi angekaa kimya, kimya hicho kisingemgharimu chochote. Alijaribu kufanya alichokizoea, akili iondoke, mwili ubaki. Alifumba macho ayaone makucha yakielea juu ya mlima. Aliyaona, lakini yalikuwa wazi vilevile, hayafumbi, na mawingu yalipita katikati yake bila kushikwa. Aliogopa. Akaanza kukimbia juu ya tuta.

"Dada Bhoke," aliita, na alipomfikia pumzi zilikuwa zimekwisha. "Siyo kisiki."

Alimweleza yote, kuanzia magurudumu yaliyobonyea hadi vifuniko alivyovirudisha na udongo wake. 

"Kwa hiyo mipira ililala wazi tangu jana mchana?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Pale kwenye kuku?"

"Pale pale kwenye kuku," Limi alisema, na machozi yakaanza kumtoka.

Bhoke alitazama kule trekta lilikokuwa. Alisema kwamba yeye ufunguo hana tena, kwa hiyo mwenye maneno ndiye anayepaswa kurudi kuyasema. Hakumshika mkono wala hakumsukuma. Walirudi wote wawili, na ile njia fupi ya juu ya tuta ilikuwa ndefu kuliko siku zote ambazo Limi aliwahi kuipita.

Mbele ya mzee Maduhu, Limi aliamkia kwanza. "Shikamoo babu. Makucha nimeyaharibu mimi." Akarudia habari yote, akiwa ameinamisha kichwa, huku watoto wa darasa lake wakisikiliza. Martina aliweka mkono mdomoni. Mzee alimtazama Limi, akamtazama Bhoke, kisha akageuka kuyatazama mawingu.

"Mpe ufunguo," alimwambia Martina.

Bhoke hakuanza kwa haraka, ingawa kila mtu alikuwa na haraka. Aliwasha, akateremsha makucha mpaka yakatulia chini, akazima. Halafu akacheza kishikio mbele na nyuma mara kadhaa, injini ikiwa imezimwa, ili presha iliyobaki kwenye mipira iishe. Ndipo akachomoa vichwa. Ndani ya kimoja, kile kilichosumbua asubuhi, kijipini cha katikati kinachofungulia mafuta njia kilikuwa kimekwama kwa udongo. Mafuta yaliweza kurudi lakini hayakuweza kwenda. Hiyo ndiyo sababu makucha yalikubali kufumbua na kukataa kufumba.

Aliomba dizeli kwenye kopo na kitambaa safi. Martina alivua kilemba chake, akakichana. Bhoke aliosha kila kichwa na mahali kinapoingia, akasukuma kijipini kwa kijiti mpaka kikawa kinaingia na kutoka chenyewe, akaacha mafuta kidogo yamwagike kwenye kopo hadi yakaja bila vumbi. Alimwambia mwenyekiti kwamba chujio la mafuta libadilishwe mapema, maana huenda mchanga mdogo umeshapita. Kisha akachomeka tena. Safari hii vichwa viliingia bila kulazimishwa, vikalia ta, ta.

Alipanda, akawasha, akasukuma kishikio. Vidole viwili vikashuka polepole na kulibana lundo la miiba, matawi yakavunjika ndani yake. Watu walishusha pumzi kwa pamoja. Bhoke alifanya kazi hadi jua lilipozama, na kesho yake tangu asubuhi, na siku ya Jumatano njia ya maji ilikuwa nyeupe mpaka chini.

Mzee Maduhu alikuwa mgumu lakini hakuwa na kinyongo. Kwenye kikao alisimama, akasema mbele ya wote kwamba alimnyang'anya dereva ufunguo kabla ya kujua trekta linaumwa nini, na kwamba dereva yule ndiye dereva wa kikundi. "Wabeja, mayu," alimalizia kwa Kisukuma, akimshukuru kwa heshima anayopewa mama. Limi naye alikatazwa kukanyaga bandani wiki mbili, na mama yake hakutaka kusikia lolote la kupunguza.

Mvua ilinyesha Alhamisi, mchana kutwa. Ijumaa baada ya masomo Limi alimkuta Bhoke amesimama juu ya tuta akiyatazama maji. Lambo lilijaa, na maji ya ziada yalipita kwenye njia yake taratibu, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yakizunguka mawe na kwenda zao mashambani. Alisimama kando yake. Hapo Limi aliuliza kilichokuwa kinamkaa rohoni wiki nzima, kama Bhoke amemsamehe.

"Udongo nilikusamehe palepale," Bhoke alisema. "Udongo unatoka kwa dizeli. Lakini kuna kitu nataka ukijue, na ukae nacho. Siku ile nilipokuwa narudi nyumbani kupitia hapa juu, nilikuwa nimeshaamini kwamba kazi siijui. Miaka sita yote ya Geita nilikuwa naifuta mwenyewe. Nilikuwa napanga nirudi Tarime nisishike tena usukani."

Limi alimtazama. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu mzima anaweza kuumia hivyo kimya kimya.

"Mtu akificha kosa lake, hudhani amelizika," Bhoke aliendelea. "Halikai hapo. Linamwendea mwingine, naye analibeba akiamini ni lake. Ungenyamaza, trekta lingepona kwa fundi yeyote. Mimi nisingepona. Kwa hiyo ukikosea tena, na utakosea, sema mapema, kabla mwenzako hajaanza kujidharau."

Limi alisogea, akamshika mkono, ule mkono mgumu wenye grisi kwenye kucha, wakasimama pamoja mpaka ng'ombe wa kwanza walipofika kunywa.