Mshumaa wa Uzi Mweusi

Mshumaa ulitoka mtoni ukiwa na joto.

Wadha ndiye aliyeuona kwanza. Alikuwa amekaa nyuma ya mtumbwi, kasia mkononi, akizuia mkondo usiwachukue, huku baba yake, Mutlak, akivuta wavu kwa vidole vilivyokufa ganzi. Theluji ya milimani ilikuwa imeanza kuyeyuka, na maji ya mto Dijla asubuhi ile yalikuwa baridi ya kukata mfupa. Wavuni hamkuwa na samaki hata mmoja. Kulikuwa na kibao cha upana wa kiganja, na juu yake mshumaa mfupi uliofungwa uzi. Ulikuwa umekaa chini ya maji usiku kucha, lakini Wadha alipougusa, nta ilibonyea kama mkate uliotoka tanurini sasa hivi.

Jana yake ilikuwa sikukuu ya Khidri, walii wa maji. Jioni ile watu wa mji wa juu huweka nadhiri zao juu ya vibao, wakawasha mishumaa na kuiachia mto. Ndiyo maana kila mvuvi wa huku chini huopoa wavu wake mchana, nadhiri zipite salama. Mutlak hakuopoa. Vidole vyake vilikuwa vimevimba viungo tangu baridi ilipoanza, na aliona haya kumwomba msaada jirani yao Ghadban, ambaye kila akimwona humpigia kelele kutoka ukingoni: "Mutlak! Unawavua samaki, au wao wanakungoja upone?"

"Baba, tuuwashe tuurudishe," Wadha alinong'ona. "Bibi Fadhila anasema ukinasa nadhiri ya mtu, unaiwasha palepale na kuisukuma iende zake."

"Kiberiti kimelowa."

"Changu kikavu. Hiki hapa."

Mutlak hakukichukua. Alikuwa ameufumbata mshumaa kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba kama mtu anayekunywa chai ya kwanza baada ya saumu. Vidole vyake vilianza kufunguka, kimoja kimoja.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Ngoja mikono yangu iamke."

"Baba, uzi wenyewe mweusi."

"Nimeuona."

Wote wawili walijua. Uzi wa kijani ni wa anayeomba. Mweusi hufungwa na mama ambaye mto umemchukulia mtoto na haukumrudisha. Ule moto ni wa mtoto huyo, apate pa kuotea kule aliko.

"Piga kasia," Mutlak alisema, akautia mshumaa ndani ya koti lake, kifuani.

Walitega wavu upya, na kabla jua halijapanda juu ya matete walikuwa na samaki saba wa shabuti, wanene. Mutlak aliwachomoa wavuni akipiga mluzi. Wadha hakuwa amemsikia baba yake akipiga mluzi tangu mama alipokufa.

Mama alikufa Rim, mdogo wake Wadha, akiwa hajaota hata jino. Mwaka huohuo Wadha alifunga madaftari yake kwa kamba, akayaweka juu ya kabati, akajifunza kupika uji na kubembeleza. Sasa Rim alikuwa na miaka mitano, na kila alichojua duniani alikuwa amefundishwa na dada yake.

Jioni ile Mutlak alikaa karibu na jiko la mafuta ya taa akishona wavu, vidole vikienda mbio.

"Mnaiona hii?" alicheka. "Kesho nitawasukeni na nywele."

"Utanisuka vibaya," alisema Rim. Kisha akajikunyata. "Dada, mwambie asogee."

"Nani?"

"Huyu. Nguo zake zimelowa, ananilowesha."

Wadha aliangalia. Rim alikuwa amekaa peke yake juu ya godoro. Lakini godoro, upande wake wa kushoto, lilikuwa limebonyea kidogo, na chumbani kulikuwa na harufu ya matope ya mtoni na sufu mbichi. Mutlak aliacha kucheka. Hakumtazama yeyote, akainamia wavu wake.

Kwenye kona safi ya chumba kulikuwa na sinia ya unga wa ngano iliyokaangwa, ambayo hukaa siku tatu ikimngoja Khidri apite aiguse na kuibariki nyumba. Asubuhi ya pili Wadha aliifunua kwa furaha, maana unga ulikuwa na alama. Lakini haikuwa alama ya mkono wa Khidri wala ya kwato za farasi wake. Ulikuwa unyayo wa mtoto, wa kushoto, umelowa hata unga umekuwa donge. Ulikuwa na vidole vinne. Mahali pa kidole cha mwisho hapakuwa na kitu.

"Samaki walikila," alisema Rim kutoka kwenye godoro, bila kuulizwa. "Ameniambia. Anasema hakikuuma."

Midomo yake ilikuwa na rangi ya risasi. Wadha alimfunika mablanketi mawili, akaleta na la baba na koti la marehemu mama, akasogeza jiko mpaka blanketi likaanza kunuka kuungua, na bado kila alipoingiza mkono kumpapasa mdogo wake aligusa ngozi ya baridi kama samaki wa alfajiri, na kando ya ngozi ile, akitaka asitake, alihisi maji, maji machache yanayotiririka, kama kwamba mtu mwingine mdogo amelala pale akijikausha polepole kwa joto la mwenzake.

Siku ya tatu Rim aliacha kutetemeka. Hilo ndilo lililomtisha Wadha kuliko yote. Alitoka mbio bila viatu mpaka kwa Bibi Fadhila, mama mzee anayewasomea wagonjwa na kuwaosha maiti wa kike.

Bibi Fadhila alipofika alisimama mlangoni, akavuta pumzi puani mara moja.

"Baba Wadha, nionyeshe mikono yako."

"Mikono yangu mizima, Bibi."

"Ndiyo ninavyoogopa. Mzee mwenzangu, baridi hii hata mbwa wa Ghadban anachechemea, wewe unashona wavu kama bi harusi anayetiwa hina. Kiko wapi ulichochukua?"

Mutlak aliutoa mshumaa kifuani. Ulikuwa haujapungua. Aliutoa polepole, kama mtu anayevuliwa nguo mbele za watu.

"Sikujua ataingia ndani," alisema, sauti imekauka. "Nilitaka mikono tu. Bila mikono nitawalisha nini hawa?"

"Mwenye moto wake ameufuata. Wewe umeukalia, naye anaota kwa mtoto wako." Bibi Fadhila alishusha sauti. "Magharibi hii uuwashe, uuweke majini palepale ulipoutoa. Mikono iliyoiba joto itumbukie mtoni mpaka vifundoni, ilirudishe. Usiitoe mpaka mwali upotee nyuma ya kona ya mto. Utaumia, Baba Wadha. Huenda isirudi tena kuwa mikono. Lakini usiitoe."

Yeye alibaki akimsomea Rim. Wadha alipiga kasia.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vichaka Mutlak alipouachia mshumaa. Uliwaka wima, bila kuyumba, ijapokuwa upepo ulikuwa unapiga matete. Akatumbukiza mikono. Kwanza alisaga meno, kisha akaanza kulia kwa sauti nyembamba ambayo Wadha hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima, na mwali ukaenda pole, pole mno kuliko mkondo, kama mtoto anayeburuta miguu njia ya kurudi nyumbani, na chini ya mtumbwi kitu kiligonga mbao, kikagonga tena, na Wadha akaona baba yake akivutwa mbele, mabega yakiinamia maji, kama kwamba vidole vyake vimeshikwa na vidole vingine.

Mwali ukawa nukta. Ulikuwa bado haujaifikia kona.

Mutlak alichomoa mikono, akaificha kwapani.

"Umepita," alisema akihema. "Umepita, mwanangu, sivyo?"

Wadha aliiona nukta. Aliiona waziwazi, ya manjano, upande huu wa kona. Aliiona pia mikono ya baba yake, na zile saa za kuvuta wavu zinazowangoja miaka yote ijayo.

"Umepita, baba," alisema.

Nyumbani walimkuta Rim amelala, jasho kwenye paji la uso. Bibi Fadhila alimshukuru Mungu. Kisha akachukua unga wote wa sinia, akaunyunyiza sakafuni kutoka kwenye godoro mpaka kizingitini.

"Asubuhi mtaona nyayo zake zikitoka. Za kutoka tu. Zifagieni, mzitupe mtoni, yaishe."

Alfajiri Wadha aliamka na ufagio mkononi. Baba yake alikuwa bado amelala, mikono kwapani, vidole vyekundu na laini. Nyayo zilikuwepo. Zilianzia kwenye godoro zikienda mlangoni, mbichi, ule wa kushoto na vidole vinne. Wadha alipumua.

Kisha akaona nyayo nyingine kando yazo, kavu, ndogo zaidi, zenye vidole vyote. Zilikwenda sambamba na zile mbichi, karibu karibu, kama watoto wawili wanaokwenda wameshikana mikono.

Kutoka mlangoni zilirudi nyayo za mmoja tu. Wadha alipiga magoti kuhesabu vidole, ingawa alikuwa ameshavihesabu kwa macho.

Vinne.

"Dada," iliita sauti ya Rim kutoka chini ya blanketi, ya uchangamfu, sauti ileile. Mashavu yalikuwa mekundu, yenye afya. Chumba kilinuka matope. "Mwambie baba ahsante. Halafu njoo unifunike miguu."